Netiwaki ya nyumbani: kabla hujanunua chochote Luthuli

Mama yangu anaishi kwenye vilima vya Mbooni, kaunti ya Makueni, nami niko Umoja hapa Nairobi. Kwa miaka mingi tuliongea kwa miadi, maana nyumbani kwake netiwaki ilikuwa haishiki vizuri. Jioni anatoka nyumbani, anapanda hadi kwenye mwembe ulio juu ya shamba, ananibipu, nampigia. Mvua ikinyesha hatuongei. Alipoanzishiwa dawa za presha nikaona jambo hili haliwezi kuendelea. Mtu wa umri wake hafai kupanda mlima gizani ili tu nijue ameshindaje.

Nikafanya wanachofanya wengi wetu. Nilienda Luthuli Avenue, mtaa wa maduka ya simu na vifaa vya umeme hapa Nairobi, nikamnunulia simu kubwa kuliko ya kwanza. Hali ikabaki ileile. Nikarudi tena, nikauziwa busta, kifaa cha kukuza mawimbi ya simu, kwa bei iliyoniumiza, nikaipakia kwenye basi hadi nyumbani. Hiyo ikaleta hasara zaidi, na nitaieleza. Pesa zile zingemnunulia mama tangi la maji. Naandika kwa sababu kila Desemba, watu wa Nairobi wakirudi mashambani, nasikia malalamiko yaleyale, na najua wengi watanunua dawa kabla ya kuujua ugonjwa.

Ugonjwa wenyewe ni wa aina mbili. Wa kwanza ni mawimbi dhaifu: simu haiusikii mnara vizuri. Wa pili ni msongamano: simu inausikia mnara vizuri kabisa, ila mnara umeelemewa na watu, au njia inayouunganisha na mjini ni nyembamba. Kwa macho ni kitu kimoja, kile kiduara kinachozunguka bila kufika. Tiba zake ndizo hazikaribiani. Kaa mahali pamoja, fungua kitu saa mbili usiku, kisha uamke ujaribu tena saa kumi alfajiri. Alfajiri ikikimbia na usiku ikitambaa, huo ni msongamano. Pakua mambo yako mapema asubuhi au jaribu laini ya kampuni nyingine, na usitumie hata shilingi kwa vifaa. Ikiwa ni mbovu saa zote, basi shughulika na mawimbi.

Mawimbi hupimwa kwa namba. Vile vijiti vya juu ya kioo usivitegemee, maana kila mtengenezaji wa simu huvihesabu kwa namna yake. Kwenye simu nyingi za Android ingia Mipangilio, kisha Kuhusu simu, utafute hali ya laini na nguvu ya mawimbi. Utakuta namba yenye alama ya kutoa na herufi dBm, yaani kipimo cha nguvu ya mawimbi. Kadiri inavyokaribia sifuri ndivyo ilivyo bora. Kwa 4G, -85 ni raha, -105 utavumilia, -118 simu inahangaika tu. Na usidanganyike kwamba tofauti ya namba chache ni ndogo: kila ikishuka kwa 3 nguvu imepungua kwa nusu, na ikishuka kwa 10 imebaki sehemu moja ya kumi.

Nilichukua daftari nikatembea boma lote. Kitandani kwa mama, -119. Jikoni hakuna kitu. Dirisha la upande wa mashariki, -108. Nje, kona ya ghala la mahindi, -101. Kwenye mwembe, -92. Kazi hiyo ilinichukua saa moja na haikugharimu chochote, na ilinifundisha kuliko maduka yote niliyozunguka. Nyumba yetu ina paa la mabati, mlango wa chuma na madirisha yenye vyuma, na imekaa upande wa kilima usiotazama mnara. Mabati huyarudisha mawimbi yalikotoka. Kutoka chumbani hadi nje ya ukuta ilikuwa hatua kumi tu, lakini hatua hizo ndizo zilizokuwa zikimtesa mama.

Hapo ndipo nikagundua jambo lililonisikitisha. Mama alikuwa ameona kwamba netiwaki inapatikana dirishani, kwa hiyo akawa anaiweka simu ndani ya kopo la mafuta ya kupikia lililotundikwa hapo, isiloe umande. Kopo la bati! Simu imezungukwa na chuma pande zote, na mimi huku Nairobi napiga naambiwa mteja hapatikani. Tulihamishia simu kwenye kiondo, msumari uleule, na simu zikaanza kuingia siku hiyohiyo. Kagua pia kava ya simu. Zenye chuma, na hata zile zenye sumaku, zinaweza kuharibu upokezi.

Kuhusu laini, usimuulize mtu wa Nairobi ipi ni nzuri. Muulize mwenye duka la M-Pesa pale sokoni kwenu, maana netiwaki ikikatika yeye hali. Muulize pia mwalimu anayetuma ripoti kwa simu. Hapa Kenya unaweza kuhama kampuni ukabaki na namba yako tangu mwaka 2011, lakini anza kwa kununua laini mpya ya bei ndogo, tembea nayo boma lote ukiandika namba, ndipo uamue. Na kama laini ya mzee ni ya zamani sana, huenda haiwezi kushika 4G hata akinunuliwa simu ya namna gani. Ibadilishwe.

Kuna la masafa, yaani kasi ya mtetemo wa mawimbi, ambalo wauzaji wengi hawalisemi. Dada yangu alitumiwa simu kutoka Marekani. Hapa Nairobi ilikuwa inashika 4G vizuri, ikifika Mbooni inarudi 3G, wakati simu ya bei nafuu ya jirani inashika. Mawimbi ya masafa ya chini, kama 800 MHz, husafiri mbali na kupita vilima na kuta kuliko yale ya 1800. Baadhi ya simu zilizotengenezewa soko la Marekani hazina hayo ya 800, yanayoitwa Band 20. Mjini huwezi kujua, minara iko karibu na masafa ni mengi. Kabla ya kulipa, mwambie muuzaji akuonyeshe kama Band 20 imo.

Ikiwa 4G inakuja na kwenda, ingia kwenye mipangilio ya mtandao uiweke simu kwenye 3G pekee. 3G iliyotulia inashinda 4G inayoyumba, na betri itadumu zaidi, maana simu inayotafuta mnara usiku kucha humaliza chaji ikiwa imelala. Kwa mzee anayepiga na kupokea tu, hata 2G inatosha, na M-Pesa ya menyu hufanya kazi humohumo. Zima pia upakuaji wa picha na video wa WhatsApp na masasisho ya programu. Bando la mama lilikuwa linaliwa na video za makundi ya kanisa kabla hajaona uso wa mjukuu.

Kilichotuponya kabisa ni ruta ya 4G, kifaa kinachopokea netiwaki na kuisambaza nyumbani kwa Wi-Fi, yenye matundu ya antena ya nje, na antena ya kuelekeza upande wa mnara tuliyoifunga kwenye mlingoti juu ya paa. Kaka yangu alishika mlingoti akiuzungusha polepole, mimi nikisoma namba kwa sauti hadi ikafika -90. Waya uwe mfupi kadiri iwezekanavyo, kwani kila mita hula sehemu ya ulichokamata. Sasa nyumba ina Wi-Fi, na mama ananipigia kwa WhatsApp akiwa ameketi kitandani.

Ile busta? Antena yake ya nje na ya ndani zilikuwa karibu mno, ikawa inajisikia yenyewe na kupiga kelele kuelekea mnarani. Jirani wa bondeni alianza kukatikiwa na simu katikati ya maongezi, na ilinichukua wiki mbili kutambua kwamba ni mimi niliyemletea taabu. Niliizima, nikaenda kumwomba radhi. Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya inataka vifaa vya aina hii viwe vimeidhinishwa, na sababu ni hiyo.

Kama umepima kote, hata juu ya mwembe, na hakuna kampuni inayofika, hapo hujakosea wewe. Andikia kampuni yako ukitaja kijiji, soko la karibu, saa na namba za dBm, na uiombe namba ya malalamiko. Wasipojibu, peleka barua na namba hiyo kwa Mamlaka, ambayo pia inasimamia Mfuko wa Huduma kwa Wote, uliowekwa kwa ajili ya maeneo ambayo kampuni hazioni faida kufika. Mwende kwa chifu mkiwa wengi, na majirani wote watie sahihi.