Tope la mbuga kwenye madigadi: plastiki ya pipa inasaidia, gundi inaangusha

Wiki iliyopita nimepata ujumbe wa dereva wa bodaboda anayebeba abiria kutoka Magu kwenda vijiji vya ndani. Alibandika kipande cha dumu la mafuta ya kula ndani ya madigadi ya nyuma kwa gundi ya viatu, ili tope lisishike. Siku ya tatu kikabanduka, tairi likakivuta, kikajikunja kati ya tairi na mkono wa nyuma, ule unaoshika tairi la nyuma. Tairi likakwama palepale. Alikuwa mwendo mdogo, akachubuka kiwiko tu. Anauliza kama aachane na wazo hilo. Hapana, asiachane nalo. Wazo ni zuri, gundi ndiyo iliyomwangusha, na fundi aliyemshauri gundi alipaswa kujua.

Tope la Mwanza mjini, lenye mchanga wa miamba, hudondoka lenyewe. Adui ni mbuga, ule udongo mweusi wa majaruba ya Magu, Misungwi na Kwimba unaovimba ukilowa na kupasuka nyufa ukikauka. Nao hauanzi kushika popote tu. Hutafuta pa kushikia: kichwa cha bolti, kibanio cha waya wa taa, mshono wa bati, kutu. Ukishapata tabaka la kwanza, tope hushika tope kuliko linavyoshika kitu kingine chochote, na ndani ya kilomita chache madigadi imejaa, tairi linasaga, klachi inanuka. Kwa hiyo vita yote iko kwenye lile tabaka la kwanza.

Wenzetu wa nchi za baridi wanalijua jambo hili kwa upande wa theluji. Zile pikipiki zao za thelujini, zenye mkanda wa mpira mahali pa tairi la nyuma, hurusha theluji kwenye dari ya alumini iliyo juu ya mkanda. Theluji hiyo hupata joto la mashine, huyeyuka kidogo, kisha hugandia hapo ikawa barafu nzito. Baadhi yao hutandika plastiki telezi kwenye dari hiyo ili barafu ikose pa kushika. Kwetu kazi ni ileile, tofauti ni udongo.

Plastiki inayofaa ni polietilini ngumu, ile ya mapipa ya bluu ya lita 200. Itafute kwa alama ya pembetatu yenye namba 2 au herufi HDPE. Kama alama imefutika, kata kipande kidogo ukitupe majini: kikizama, siyo yenyewe. Mabomba ya PVC huzama, na yakichanwa hupasuka kwa mtikisiko. Ikwaruze kwa ukucha, utahisi kama nta. Na hapo ndipo penye jibu la gundi: kinachozuia tope kushika ndicho hichohicho kinachozuia gundi kushika. Gundi ya viatu, silikoni, gundi ya matone, zote zitabanduka. Ukiona gundi imeng'ang'ania vizuri kwenye plastiki yako, ujue umenunua plastiki isiyo yenyewe. Pipa lililobeba dawa za kilimo usilikate kabisa.

Pipa hilo lina upana wa sentimita 58 hivi, na mkunjo wake unakaribiana na wa madigadi ya tairi la inchi 17 au 18. Kwa hiyo kata kwa kuzunguka pipa, usikate kwa urefu wake, na ukwepe mikanda iliyovimba. Mzunguko mmoja hutoa vipande viwili vya sentimita 80 hadi 90. Upande wa ndani wa pipa ndio uangalie tairi, maana haujakwaruzwa wala kupigwa jua. Kwa tairi la 3.00, ambalo upana wake ni kama sentimita 7.6, upana wa sentimita 10 unatosha. Kingo zilainishe kwa tupa, kisha msasa. Madigadi imejikunja pia pembeni, kwa hiyo mwagia kingo maji yanayochemka na uzikandamize kwa kipande cha mbao hadi zipoe. Moto wa kiberiti au jiko usitumie, kwa sababu plastiki hii huyeyuka kwenye nyuzi 130 hivi, na ikishayeyuka uso wake hauwi laini tena.

Kabla ya kufunga, vua tairi, kwangua kutu, paka bati rangi ya kuzuia kutu uiache ikauke. Maji yataingia kati ya plastiki na bati hata ufanyeje, kwa hiyo ncha za chini ziache wazi yatoke. Angalia waya wa taa ya nyuma unapopita kabla hujashika drili.

Sasa bolti, na hapa ndipo wengi wanapokosea. Plastiki hii hutanuka sana kwa joto. Kipande cha sentimita 80 kikitoka kwenye baridi ya alfajiri hadi pikipiki iliyoegeshwa juani saa saba mchana, kinaweza kurefuka milimita 4 hadi 5. Ukikibana kwa matundu ya duara pande zote, kitavimba katikati na kugusa tairi. Kwa hiyo tundu moja tu la katikati liwe la duara, milimita 5. Mengine yote yawe marefu, 5 kwa 9, yakielekea urefu wa kipande, kila baada ya sentimita 12 hadi 15. Tumia bolti za milimita 5 zenye kichwa bapa, kichwa kikae upande wa tairi, nati na washa pana vikae nje. Nimeona picha za kazi iliyofungwa kinyume, nati zikiangalia tairi. Hizo ni pa kushikia tope na ni meno ya kuchana tairi. Nati ziwe zile zenye plastiki ndani, maana hutakaza kwa nguvu. Kipande kishikwe, lakini kiweze kusogea.

Kama unaunga vipande viwili, fikiria paa. Tairi likienda mbele, juu yake nako huenda mbele, hivyo tope huingia kwa nyuma ya madigadi, hupita juu, hushuka upande wa injini. Kipande cha nyuma kilalie kile cha mbele, kwa upande wa tairi, kama bati la juu linavyolalia la chini. Ukigeuza, ukingo unakuwa jembe. Na usikomee juu tu. Pale chini mbele, karibu na mkono wa nyuma, ndipo tope hujaa zaidi, kwa hiyo teremsha plastiki ifike hapo.

Pima nafasi pikipiki ikiwa na mzigo. Pakia watu wawili wazito, shokapu zishuke, kisha pima kati ya tairi na plastiki. Milimita 25 ni nzuri. Chini ya 20, usitandike, inua madigadi kwa washa kwanza. Kama unabeba mshikaki, yaani abiria zaidi ya mmoja, pima kwa mshikaki. Madigadi ya mbele ina nafasi finyu, hapo dumu la lita 20, ambalo plastiki yake ni nyembamba, linafaa kuliko pipa.

Kuhusu oili chafu ya kupaka ndani ya madigadi, naomba muache, ndugu zangu. Hudondokea tairi na breki, na abiria aliyekaa nyuma yako hana habari kwamba umempakia juu ya oili. Plastiki safi na maji vinatosha.

Tope baya zaidi ni la saa moja au mbili baada ya mvua, linapoanza kukauka. Lile la uji hudondoka. Likishashika kwenye plastiki, lisafishe kwa maji au liache likauke: mbuga husinyaa, na kwenye uso laini hujibandua vipande vizima ukigonga kwa kiganja. Usikwangue kwa bisibisi. Kaza bolti upya baada ya safari ya kwanza yenye tope, na kila wiki wakati wa masika pitisha kidole juu ya plastiki. Ukihisi mifereji, ng'oa ukate kipande kingine. Pipa moja linatosha pikipiki nane au zaidi, kwa hiyo nunueni pamoja hapo kijiweni.