Tetemeko halina ngumi

Swali: Assalaam aleikum, mzee. Mimi ni mwalimu wa Jiografia huku Likoni. Natayarisha somo la miamba, matetemeko na ikolojia, na maneno yananivuruga. Je, ni tetemeko la ardhi, mtetemeko wa ardhi, au zilzala? Pili, nimemkata maki mwanafunzi aliyeandika katika insha kuwa "tetemeko lilipiga hodi saa nane za usiku". Nimetenda haki?

Jibu: Waaleikum salaam, mwalimu. Yote matatu ni maneno halali. Tetemeko na mtetemeko ni ndugu wa tumbo moja, wana wa kitenzi tetemeka. Mmoja kaingia ngeli ya LI-YA, mwingine U-I, na hakuna mwana haramu kati yao. Zilzala tumeipata kwa Waarabu, na ukitega sikio utaona lugha zote mbili zimecheza mchezo mmoja: te-te huku, zal-zal kule, ulimi unatikisika kabla maana haijafika. Darasani sema tetemeko, ndilo walilolizoea. Swali la kwanza limekwisha.

Sasa niache nitoe dukuduku langu, kwani barua yako imenikuta pabaya. Asubuhi ile ile nilikuwa barazani na kikombe cha kahawa tungu na kipande cha halua, redio ikatangaza kwamba tetemeko la "rikta sita" limegonga nchi fulani ya mbali. Kahawa ikanipalia. Limegonga!

Mwalimu, kugonga kuna adabu zake. Mgeni hugonga mlango, ukauliza "nani?", naye akajibu. Seremala hugonga msumari. Matatu hugonga tuktuk pale Buxton, kisha watu wakajaa kutoa ushahidi wa mambo ambayo hawakuyaona. Kila anayegonga ametoka mahali, ana mkono au bampa, na amekutana na kitu ambacho si yeye. Tetemeko je? Lilikuwa limeegesha wapi? Limetoka nchi gani, likapita barabara gani, hata likaigonga ardhi? Na hiyo ardhi, kabla ya kugongwa, ilikuwa imekaa kimya ikijipepea?

Tetemeko ni ardhi yenyewe inapotetemeka, kama mgonjwa wa malaria anavyotetemeka chini ya blanketi mbili. Hujasikia hata siku moja mtu akisema "mtetemeko umemgonga shangazi". Shangazi ana homa, anatetemeka, basi.

Nawe unayesomesha Jiografia wajua kwamba elimu ya miamba iko upande wangu. Huko chini vipande vya gamba la dunia vinasukumana polepole, kwa kasi ya milimita au sentimita chache kwa mwaka, na penye ufa vinakwamana. Mwamba unapinda kidogo kidogo kama upinde unaovutwa, mwaka baada ya mwaka, hata siku unaposhindwa kuvumilia ukateleza ghafla. Ile nguvu iliyolimbikwa hutawanyika kwa mawimbi, nasi huku juu tukasema "yaa Rabi!" Hivi ndivyo Mmarekani Harry Reid alivyoeleza baada ya tetemeko la San Francisco la 1906. Kulikuwa na nyua za mashamba zilizojengwa kuvuka ule ufa. Ardhi ilipotulia, ua uliokuwa mmoja ulionekana vipande viwili, kichwa huku na mkia kule, vimeachana kwa mita kadhaa mahali pengine. Hakuna aliyeugonga. Ardhi iliyoubeba ilihama nao.

Tena Kiswahili kililijua hili kabla ya Reid kuzaliwa. Tazama vitenzi vya majanga: tetemeka, furika, poromoka, momonyoka, pasuka, lipuka, pauka. Umeona mkia wao? Vyote vinaishia na -ka, ile inayotupa kauli ya kutendeka, kauli ya jambo linalotukia bila ya kumtafuta wa kumfunga pingu. Bonde linapasuka, kilima kinaporomoka, udongo unamomonyoka, matumbawe yanapauka kama yalivyopauka hapa pwani mwaka 1998 bahari ilipopata joto la kupita kiasi. Kisha katika vitenzi hivyo tukazaa nomino: mafuriko, maporomoko, mmomonyoko, mpasuko, tetemeko. Kitendo kimo tayari tumboni mwa neno. Ukisema "maporomoko yagonga kijiji" umelipa neno kazi iliyokwisha kufanywa na neno lenyewe, kama mtu aliyetiwa sukari katika chai akaomba tena sukari ya kutia katika sukari.

Mwenye kutaka hoja nzito zaidi na afungue sura ya 99, Az-Zalzala. Aya ya kwanza yasema ardhi itatikiswa mtikiso wake. Wake yenyewe. Kama kugonga kungefaa popote, pangefaa hapo, siku ya Kiyama.

Ugonjwa najua umetoka wapi. Habari inaingia chumba cha habari kwa Kiingereza, lugha ambayo kila balaa hupewa ngumi, na mfasiri ana dakika tano. Nimewahi kumuuliza mhariri mmoja, simtaji, akanijibu kwamba nafasi ya kichwa cha habari ni finyu. Nikamhesabia kwa vidole. "Tetemeko la ardhi lagonga Bukoba": maneno matano. "Ardhi yatetemeka Bukoba": matatu. Akasema atalifikiria. Huo ulikuwa mwaka 2016, baada ya lile tetemeko la Septemba 10 lililobomoa nyumba nyingi Kagera, bado anafikiria.

Nisionekane nachukia mapigo. Radi inapiga. Jua la saa saba Mwembe Tayari linapiga, na bila huruma. Na wimbi hupiga, hilo silikatai, kwa sababu wimbi lina safari: linatoka huko na kufika hapa. Jumapili ile ya Desemba 26, 2004, ardhi ilitetemeka chini ya bahari karibu na Sumatra, ukubwa wa 9.1. Huku Mombasa hakuna bilauri iliyocheza mezani. Mchana maji yakafika kwetu, yakipanda na kushuka nje ya wakati wake, watu wakifukuzwa ufuoni. Kenya ikapoteza mtu mmoja, Somalia karibu 300. Hapo sema tsunami ilipiga pwani, na usione haya. (Tsunami ni Kijapani: tsu ni bandari, nami ni wimbi. Bandari tunayo, wimbi Mungu atuepushie.) Siku moja, jambo moja, vitenzi viwili: Sumatra palitetemeka, pwani ikapigwa. Mwandishi anayegongagonga huko kote amewanyima wasomaji wake habari yenyewe.

Lipo na kumba. "Tetemeko lakumba Nepal." Hili nalo nililipiga vita miaka mingi, sasa nimezeeka. Kumba asili yake ni kusukuma, ndipo tukapata vikumbo, vile tunavyopigana kila jioni tukiingia feri ya kwenda kwako Likoni. Na kweli, mtu aliyebanwa katika ile rampu saa kumi na moja hajui kama anasukumwa au ni dunia inayotikisika. Basi kumba nalipisha. Gonga halipiti.

Rikta nayo, kwa ufupi, kwani hasira zangu zina bajeti. Charles Richter alitunga kipimo chake mwaka 1935 kwa ajili ya matetemeko ya California. Tangu 1979 wataalamu wana kipimo kingine, cha Hanks na Kanamori, na namba unazosikia redioni kuhusu matetemeko makubwa kwa kawaida ni za hicho. Kwa hivyo "rikta sita", kama vile mtu anunuavyo kilo sita za unga, haipo. Sema "ukubwa wa 6". Na uwaambie watoto kwamba hizo ngazi hazilingani: ukubwa wa 6 hutoa nguvu kama mara 32 ya ukubwa wa 5. Lile la Subukia la Januari 6, 1928, kubwa kuliko yote yaliyopimwa Kenya, lilikuwa 6.9.

Miamba haina matata. Jiwe ni kipande, mwamba ndio mama yake. Wanao wa Likoni watakuambia mwamba ni ule unaovunja mawimbi huko nje, na wasikanywe: sehemu kubwa ya kisiwa cha Mombasa imekaa juu ya mwamba wa namna hiyo hiyo, matumbawe yaliyokufa zaidi ya miaka 100,000 iliyopita bahari ilipokuwa juu kuliko leo. Wareno walipoanza Fort Jesus mwaka 1593 hawakuagiza mawe mbali.

Kuhusu ikolojia, neno ni la Kigiriki, lina nyumba ndani yake, nalo limekwisha kuhamia kwetu. Mfumo wa ikolojia linatosha, hata kama linasikika kama jina la idara ya serikali. Lakini usilisomeshe ubaoni. Wapeleke Bamburi. Huko utaliona gonga la halali: kiwanda cha saruji kilianza 1954, mashine zikaugonga mwamba wa matumbawe hadi yakabaki mashimo meupe yasiyoota hata ndago. Mwaka 1971 René Haller, Mswisi, akaanza kupanda miti humo. Mivinje ikakubali. Majani yake yakaanguka, yakalala chini kama sindano, hayaozi. Akaleta jongoo. Jongoo wakala majani, wakanya, na kinyesi chao kikawa mwanzo wa udongo. Leo ni msitu wenye twiga. Mvinje, jongoo, mwamba na maji, kila mmoja akiishi kwa mwenzake: mtoto akishamuona jongoo yule kazini hatakuuliza tena maana ya mfumo.

Na mwanafunzi wako wa insha, mwalimu, mrudishie maki zake, zote, leo kabla ya kengele. Umemuonea. Kuandika "limegonga" ni uvivu, lakini "lilipiga hodi saa nane za usiku" ni tashihisi: yule mtoto amelivisha tetemeko kanzu, akalisimamisha mlangoni akijua fika kwamba halina mkono. Ukimuona, muulize pia waliomo ndani walijibu nini.