Ukitaka kuishi kwa kazi ya shanga, anza na saa zako

Vijana wanaotaka kuishi kwa kudarizi na kutunga shanga huniuliza swali lilelile: nionyeshe kazi zangu wapi? Mimi huwarudisha nyuma kidogo. Kipande chako cha sentimita 10 kwa 10 kinakuchukua saa ngapi? Wengi hawajui. Asiyejua hilo hawezi kupanga bei, wala kuahidi tarehe, wala kukataa oda mbaya.

Chukua shanga za namba 11, zile za milimita 2 hivi (namba ikipanda, shanga inapungua), ujaze kitambaa cha kipimo hicho. Kipande kidogo tu kinameza shanga zaidi ya 2,000, na kila moja lazima ipite kwenye sindano. Fanya kwa mwendo wako wa kawaida, si wa mashindano, na uhesabu pia muda wa kuchambua shanga, kufungua uzi uliojisokota na kufumua. Kisha zidisha kwa ukubwa wa kazi unayoiota. Jibu litakutisha, lakini afadhali ulijue kabla hujapokea arbuni ya mtu.

Liza Lou wa Marekani alifunika kwa shanga jiko zima la ukubwa halisi. Ilimchukua miaka mitano, 1991 hadi 1996. Watu husifu uvumilivu wake. Mimi hujiuliza kwanza nani alilipa kodi ya nyumba. Kazi kubwa inahitaji kazi ndogo za kuilisha: hereni, kola, mikoba. Wala usizionee haya. Joyce J. Scott, msanii wa Marekani aliyelelewa na mama mshonaji mahiri wa mafarishi ya viraka, Elizabeth Talford Scott, hutengeneza mikufu na sanamu kwa shanga zilezile, na mwaka 2016 alipata tuzo ya MacArthur, ya heshima kubwa huko Marekani, akiwa na miaka 67. Mkufu haujamshushia hadhi.

Sasa vifaa, maana hapa ndipo jina la mtu hujengwa au huharibika. Shanga za kioo zilizotiwa rangi juu, hasa za waridi na zambarau, baadhi hupauka juani. Zenye mng'ao wa dhahabu nyingine huchubuka kwa jasho tu. Kabla sijanunua nyingi, hugawa kiganja kimoja mafungu matatu: moja kwenye dirisha lenye jua kwa wiki kadhaa, la pili kwenye asetoni (kimiminika cha kuondolea rangi ya kucha), la tatu linabaki gizani kwa kulinganisha. Muuzaji akiapa kuwa rangi haitoki, msikilize kwa adabu, kisha tumbukiza kwenye asetoni. Zikifaulu, nunua zote za kazi hiyo kwa mkupuo, kwa sababu rangi ya mzigo wa leo na wa mwezi ujao ni nadra kulingana.

Kitambaa cha pamba kifuliwe na kupigwa pasi kabla ya kudariziwa. Kikirudi, yaani kikipungua ukubwa, baada ya kushonwa, shanga hubanana na kazi nzima hujikunja. Shanga ndefu za bomba zina kingo kali zinazokata uzi wa nailoni polepole. Tia shanga ndogo ya mviringo kila upande, au tumia uzi mgumu wa kusukwa.

Ukumbi wa maonyesho unaweza kuchukua hata nusu ya bei, kwa hiyo nusu hiyo iwe kwenye hesabu zako tangu mwanzo. Usimuuzie mteja nyumbani kwa bei ya chini kuliko ya ukumbini. Mwenye ukumbi atajua, na atakuwa na haki ya kukasirika. Mkataba useme nani analipa usafirishaji, na nani atagharamia shanga zikikatika njiani.

Na kila kazi inayotoka, shonea nyuma kitambaa kidogo chenye mwaka, namba ya shanga na aina ya uzi. Weka akiba ya shanga za mzigo uleule. Matengenezo nayo ni kazi ya kulipwa: yaandikie bei mapema, kabla mteja hajaja na kola iliyokatika akidhani ni bure.