Lisbon: Kaburi la Da Gama, Mkate wa Mezani na Mengineyo

Tutakuwa Lisbon Jumatatu moja tu. Tutaweza kuliona kaburi la Vasco da Gama?

Hamtaliona. Mosteiro dos Jerónimos, monasteri lilimo kaburi hilo, hufungwa Jumatatu, kwa hiyo sogezeni safari ikiwezekana. Siku nyingine, pandeni treni ya Cascais kutoka Cais do Sodré mshuke Belém, lakini iwe ile inayosimama kila kituo; za haraka hupitiliza. Tramu namba 15 nayo hufika, ila hujaa mno. Kaburi limo kanisani, karibu na mlango, mkabala na la mshairi Camões. Da Gama ndiye huyo aliyetia nanga Malindi mwaka 1498.

Jirani kuna Pastéis de Belém, wanaooka vikeki vyao vya kastadi tangu 1837. Foleni ya nje mara nyingi ni ya wanaonunua vya kubeba. Ndani kuna kumbi kadhaa, ingieni mtafute meza. Nyunyizeni mdalasini, mle vingali moto. Vikipoa, ganda hunywa unyevu na kulegea.

Mhudumu alileta mkate, zeituni na jibini ambavyo hatukuagiza, kisha vikaingia kwenye bili. Ni wizi?

Si wizi kama mlivila. Huitwa couvert, na sheria ya Ureno inakataza kumtoza mteja kitu ambacho hakukiagiza wala kukigusa. Ukimega mkate, umeukubali. Usipoutaka, mwambie auondoe palepale, si wakati wa kulipa.

Hatuli nguruwe. Tuagize nini?

Tahadharini na caldo verde: ni supu ya viazi na majani ya jamii ya sukuma wiki, inaonekana salama kabisa, lakini huelea vipande vya chouriço, soseji ya nguruwe. Alheira ilianza kama soseji isiyo na nguruwe. Siku hizi nyingi zinaye. Sardini za kuchoma ni chaguo zuri, hasa Juni hadi Agosti. Bacalhau à Brás pia: samaki wa chumvi aliyerowekwa, mayai, vitunguu na viazi vilivyokatwa nyuzi. Kome na chaza ulizeni kwanza, maana wengi huvipika kwa divai.

Kwa nyama ya halali, nendeni eneo la Martim Moniz, hasa Rua do Benformoso, kwenye mikahawa ya Wabangladeshi na Wapakistani. Na chamuça mtakazoziona kwenye vioo vya mikahawa ni sambusa, zilizofika huko kupitia Goa na Msumbiji. Ulizeni nyama iliyomo.

Fado, muziki wa jadi wa Ureno, husikilizwaje?

Kimya. Taa zikipunguzwa, acheni mazungumzo na uma. Hata wahudumu huacha kuhudumu. Ulizeni mapema kiwango cha chini cha matumizi kwa kila mtu.