Kabla ya Kuhesabu Panya, Hesabu Vizimba

Kosa lililonipotezea muda mwingi nilipoanza kuchunguza uhusiano wa utumbo na sonona lilikuwa la kuhesabu. Niliwaweka panya watano waliopewa bakteria katika kizimba kimoja na watano wa ulinganisho katika kingine, nikaandika kwamba nina sampuli kumi, kumbe nilikuwa na mbili. Panya hula kinyesi cha wenzao, kwa hiyo wanaoishi pamoja hufikia kuwa na bakteria wanaokaribiana sana, na tofauti uliyoifurahia huenda ikawa ya vizimba tu. Kila matibabu unayoyajaribu yagawe katika vizimba kadhaa, na katika takwimu kizimba ndicho kihesabiwe.

Chungeni pia maneno. Panya hawezi kutuambia kwamba amekata tamaa. Tunachopima ni kupungua kwa hamu yake ya maji ya sukari, au kurefuka kwa muda anaoelea bila kupiga miguu katika jaribio la kuogelea alilolibuni Roger Porsolt na wenzake mwaka 1977, na kuelea huko kwaweza kuwa njia ya kutunza nguvu tu. Andikeni “tabia zinazofanana na sonona”, hata kama sentensi itarefuka.

Utafiti ninaowapa wanafunzi wangu kwanza ni ule wa mwaka 2011, ambamo panya waliolishwa bakteria aina ya Lactobacillus rhamnosus walielea kwa muda mfupi zaidi na homoni yao ya msongo haikupanda sana kama ya wenzao. Watafiti hawakuridhika na matokeo hayo: walikata neva ya vagasi, inayounganisha utumbo na ubongo, na athari ikatoweka. Kwangu mimi hapo ndipo uhusiano unapoanza kukaribia kuwa sababu.

Mwaka 2016 yalitoka majaribio ya kuhamisha kinyesi cha wagonjwa wa sonona kwenda kwa panya, na panya hao wakaonyesha tabia zinazofanana na sonona. Ni kazi muhimu sana, na huenda wengi wenu mtaombwa kuifuata. Mkiifuata, kumbukeni hesabu ileile ya vizimba: kinyesi cha mgonjwa mmoja kikigawiwa panya ishirini, mgonjwa bado ni mmoja, kwa hiyo tafuteni watoaji wengi, wagonjwa kwa wazima, kabla ya kununua panya zaidi.