Maswali yenu: daftari la sifuri, asaimenti za simu na imeili za sifa

Haya jamani, maswali yamerundikana tangu kabla ya mfungo na mimi nilikuwa na mitihani ya kusahihisha mpaka macho yanauma, leo najibu kadri ntavoweza, waliobaki mtanisamehe. Na anaeuliza mwezi umeandama au haukuandama nimemruka kwa makusudi, nna barza moja tu ya kukaa jioni na sitaki ivunjike.

SWALI: Assalaam alaykum Maalim. Niko mwaka wa tatu, digrii ya sayansi, imebaki semista moja. Rafiki yangu tuliomaliza nae skuli yuko hoteli Paje, ana mshahara na tipu juu, kashanunua vespa. Ananambia sayansi haijaleta kitu hapa visiwani, niache nimfuate. Nimjibu nini? Kijana, Jambiani.

JIBU: Waalaykum salaam mdogo wangu. Kwanza rafiki yako usimdharau, kazi ya hoteli ni kazi na ile vespa kaitolea jasho. Lakini hilo la kuwa sayansi haijaleta kitu hapa kaongopa.

Muulize kama anawakumbuka mbung'o. Hawakumbuki, na khasa ndo maana yenyewe. Unguja hii ilikuwa na mbung'o, hao wanaoitwa pia ndorobo, wakimng'ata ng'ombe wanamtia ugonjwa wa nagana, anakonda, anaharibu mimba, mwisho anakufa. Dawa zikapigwa wakapungua lakini hawakuisha. Basi wataalamu wakaja na njia ambayo ukiisikia mara ya kwanza unacheka: wakafuga mbung'o. Kule Tanga, maelfu kwa maelfu, madume wakapigwa mionzi wawe tasa, halafu wakapakiwa kwenye ndege wakamwagwa juu ya Unguja wiki baada ya wiki, kuanzia 1994 mpaka 1997, zaidi ya milioni 8. Jike la mbung'o kwa kawaida hupandwa mara moja tu maishani na huzaa mtoto mmoja mmoja, si kama nzi wa jikoni, kwa hiyo akikutana na dume tasa habari yake imekwisha. Mwezi wa tisa 1996 akanaswa mbung'o wa mwisho wa porini.

Sasa sikiliza hapa. Siku ile hakuna aliejua kama yule ni wa mwisho, hakuja na kibao shingoni. Ikabidi watu waendelee kwenda msituni kuangalia mitego ya gundi, wanakuta wale wale madume walioachiwa na ndege, wa porini hamna, wiki ijayo hamna, mwezi ujao hamna, mpaka mwisho wa 1997 ndo ikathubutiwa kusemwa kisiwa kimesafika. Zaidi ya mwaka mzima mtu anakwenda msituni kuandika sifuri kwenye daftari! Mimi nikiulizwa elimu ni kitu gani namfikiria huyo mtu wa daftari la sifuri, hana tipu, hana picha ya kuweka status, anarudi nyumbani anaulizwa leo mmepata nini anajibu hatukupata kitu, alhamdulillahi.

Kwa upande wako, sikuahidi kazi, ntakuwa mwongo, nna wanafunzi wangu wenye digrii wanauza chipsi Fuoni. Lakini semista moja ni miezi michache na Paje haihami. Tena mwenzio muulize 2020 ndege zilipoacha kuja alikula wapi, na muulize masika hoteli zinapofungwa mshahara unakuwa vipi. Maliza, halafu hata ukenda hotelini unakwenda umemaliza.

SWALI: Maalim, mwanangu yuko chuo mwaka wa kwanza, asaimenti zote anafanyiwa na Chat GPT kwenye simu, dakika tano keshamaliza, na maksi anapata. Mimi nafurahi au nalia? Mama, Fuoni.

JIBU: Bi mkubwa, lia kidogo tu. Mimi mwenyewe naitumia kusafisha Kiingereza changu kabla sijatuma barua, sitojifanya malaika.

Ila nikupe kisa. Mwaka jana nimetoa asaimenti kuhusu kilimo cha mwani, msichana mmoja kaniletea kurasa sita safi, Kiingereza kimenyooka, ndani kaandika mwani huvunwa na boti zenye mashine ya kukatia kwenye bahari za nchi za baridi. Nikamwita, nikamuuliza kwenu wapi, akasema Bwejuu. Mamaako anafanya kazi gani? Analima mwani. Anavuna na boti gani? Akainama. Yule mtoto tangu ana miaka saba anafunga taitai, vile vikamba vya kushikia mbegu za mwani, kwenye kamba, anajua vigingi vinachomekwa umbali gani, anajua mwani ukianza kuwa mweupe unakatika, yote hayo yamo kichwani mwake na hakuandika hata moja, manake aliona anachokijua yeye si elimu, elimu ni ile ya kwenye simu.

Na ile programu haikukusudia kudanganya, yenyewe inapanga maneno kufuatana na yale yalioandikwa kwa wingi duniani, sasa mwani wa bahari ya baridi wa Norway umeandikwa sana na Bwejuu imeandikwa kidogo. Tukiendelea kuiachia ituandikie itazidi kuandikwa kidogo.

Kwa hiyo simu usimnyang'anye. Usiku mkishakula mwambie weka simu chini, nieleze hiyo asaimenti kwa Kiswahili mimi mamaako niifahamu. Akiweza, basi kasoma, hata kama alisaidiwa. Akikwambia "mama wewe huwezi kufahamu hayo", hapo sasa ulie.

SWALI: Mimi msaidizi wa mhadhiri, naambiwa bila pepa, yaani makala ya utafiti iliochapishwa, sipandi daraja. Nimepata imeili ya jarida la nje, wananiita Profesa mashuhuri, makala itatoka ndani ya siku tatu kwa dola 150. Nilipe?

JIBU: Usilipe. Profesa mashuhuri wakati meza yenyewe mnakaa watu wanne!

Pesa peke yake si dalili, hili watu wanalikosea, majarida mengi ya heshima nayo yanatoza na mengi yanapunguza au kusamehe kabisa kwa watu wa nchi kama zetu, uliza kabla hujatuma. Dalili ni haraka na sifa. Makala ya kweli inapelekwa kwa wasomaji wawili watatu wa fani yako ambao hawakujui wala hawana sababu ya kukupenda, na hilo halimalizwi kwa siku tatu. Yangu ya kwanza ilikaa miezi saba ikarudi na maoni kurasa nne, mmoja kaniandikia kuwa hesabu za jedwali la pili haziingii akilini. Nilikasirika nikenda Forodhani nikala mishkaki peke yangu nikimtukana moyoni mtu nisiemjua, kurudi nikapiga hesabu upya: kweli bwana, nilichanganya safu mbili. Hiyo aibu ndo nilichokuwa nalipwa, na imeili yako hiyo inakuuzia kuikwepa. Na kama fani yako inagusa bahari huna haja ya kwenda mbali, WIOMSA, jumuiya ya wanasayansi wa bahari ya upande huu wa magharibi wa Bahari ya Hindi, ofisi yake iko hapa hapa Unguja na jarida lao la sayansi za bahari linatoka tangu 2002.

Lakini nakufahamu, usione nakuhutubia tu. Darasa la watu mia mbili, skripti zinafika kiunoni, maabara kemikali hamna, halafu unaulizwa pepa ngapi. Wanahesabu pepa kama karafuu kwenye pishi bila ya mtu kutia mkono ndani kuona makonyo, vile vijiti vyake, ni mengi kiasi gani. Mwenzetu wa daftari la sifuri angekuwa leo ni msaidizi wa mhadhiri wangemuuliza mwaka mzima umegundua nini, na sifuri ni shida kuichapisha, majarida yanataka kilichoonekana si kilichokosekana. Mimi hilo linaniudhi kuliko dola 150. Tafuta mtu mzima mmoja idarani, muandike pamoja moja ilio nzuri, mengine subira.

SWALI: Daktari wa chuo na Profesa nani mkubwa? Tunabishana hapa Darajani.

JIBU: Udaktari ni shahada, ukishaipata ni yako mpaka kaburini. Uprofesa ni cheo cha kazi, unapandishwa. Na wote wawili ukiumwa tumbo usiwaite, labda kama wamesomea tiba. Mzanzibari mwenzetu Abdulrazak Gurnah alikuwa profesa wa fasihi Uingereza miaka mingi kabla ya ile Nobel ya 2021, na hapo katikati wengi wetu tulikuwa hatumjui, kwa hiyo cheo msikibishanie sana, nunueni urojo.

SWALI: Maalim, babaangu alikuwa mvuvi, hajasoma hata darasa moja, alijua nyota, bamvua la maji makubwa, pepo za kaskazi na kusi kuliko hao wa vyuoni. Mbona yake hamuiti sayansi? Mzee, Mkoani.

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Mimi naiita. Mtu anaejua kuwa bamvua linakuja mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, na maji mafu, yale madogo, yanakuja katikati, huyo anayo kanuni mkononi, na ukimuuliza mtu wa fizikia atakwambia ndo hivo hivo, jua na mwezi vinavuta kwenye mstari mmoja maji yanapanda na kushuka karibu mita 4 hapa kwetu, vikivutana kwa pembeni yanatulia. Na hesabu ya Nairuzi nayo, ule mwaka wa jua wa wazee, wa siku 365 unaohesabiwa kwa miongo, siku kumi kumi, miongo 36 na siku tano juu, kwa hiyo wazee walifahamu kuwa mwezi wa kuandama haufuatani na mvua, wakaweka kalenda ya jua pembeni kwa ajili ya shamba na safari. Na kwa sababu haina ile siku ya ziada, kila miaka minne inasogea siku moja. Hilo mzee mimi nililijua nikiwa na digrii mbili, na nimezaliwa Wete!

Ila mahali nnapotofautiana na wanaosema wazee walijua yote basi tusisome, ni hapa. Babaako alipofariki, kiasi gani kilibaki kimeandikwa? Na siku hizi mvua za vuli zinawachezea watu, ile dalili aliokuwa akiitegemea pengine imehama, na bila ya maandishi ya miaka thelathini nyuma hatuwezi kujua imehama kiasi gani au sisi ndo tumesahau. Kama una mjukuu anaejua kuandika mkalishe karibu, chukua daftari, kila bamvua aandike tarehe, upepo, samaki gani waliingia. Na siku usipopata kitu aandike pia, usimwachie aruke.

SWALI: Mwanangu sayansi anasomeshwa kwa Kiingereza, anakariri tu hafahamu. Hii ni sawa? Baba, Chake Chake.

JIBU: Hiyo ilitoka kwenye Sera ya Elimu ya 2006, hesabu na sayansi kwa Kiingereza kuanzia darasa la tano, na mimi sijaipenda tangu siku hiyo, ingawa nawafahamu wanaosema mtoto atakwenda wapi bila Kiingereza. Nilisimama darasa moja huko huko Pemba nikauliza kwa Kiingereza maji yanaondokaje kwenye kitu, kimya, watoto arobaini wanatazama dari. Nikauliza kwa Kiswahili kwa nini karafuu mkizianika kilo tatu mbichi zinarudi kama kilo moja, mikono yote juu, mmoja akanieleza mpaka kwa nini siku ya mawingu zinaota ukungu. Nyumbani msomeshe kwa Kiswahili, akishafahamu maneno ya Kiingereza atayabandika juu yake.

SWALI: Maalim usiwatetee sana watafiti. Huku kwetu kila mwaka wanakuja, wanatusimamisha kwenye maji wakituuliza maswali ya mwani masaa mawili, wanapiga picha wanaondoka. Mwani wa aina ya cottonii umekufa, tumebaki na aina ya spinosum ya bei ya chini. Wanatupatia nini? Mkulima wa mwani, pwani ya mashariki.

JIBU: Dada yangu, sina wa kumtetea. Mwani wa biashara umeanza huku 1989 na mbegu kutoka Ufilipino, maji yakazidi joto, cottonii ikashindwa, na katika watu waliokaa na nyinyi mpaka wakatafuta njia nakutajia Dokta Flower Msuya, yeye na wenziwe walijaribu neti za mfano wa bomba ili cottonii ipandwe maji ya kina ambako kuna ubaridi kidogo. Haikuwa rahisi, kina kinataka boti na kujua kuogelea, na wakulima wengi ni wanawake waliozoea kutembea pwani maji yakitoka, lakini walau kilichopatikana kilirudi kwa wenyewe wakakijaribu kwa mikono yao.

Mimi sikufanya hivo. Miaka ile nasoma nilikuja kijiji kimoja cha upande wenu, nikawauliza kinamama zaidi ya thelathini, nikapata digrii yangu. Mwaka uliofuata nikakutana na mmoja wao gari ya Darajani akaniuliza "mwanangu, yale majibu yetu yalikuwaje?", nikamwambia yako kwenye kitabu, maktaba, kwa Kiingereza. Akasema "aa, hongera" akageuka dirishani, na mpaka Darajani hakunisemesha tena.

Nambie ni kijiji gani. Kama ni kile nakuja bamvua lijalo, na karatasi moja ya Kiswahili, mtanisahihisha nilipokosea. Ntakuja jioni mkishatoka pwani, sitomsimamisha mtu majini.