Swali la Lugha: Je, falsafa ya Peirce ni "uhalisia"?

Mwanafunzi mmoja wa shahada ya uzamili ameniandikia hivi: "Shikamoo Mwalimu. Katika tasnifu yangu ninaeleza falsafa ya Wamarekani Charles Peirce, William James na John Dewey, ile inayopima mawazo kwa matokeo yake, ambayo kwa Kiingereza huitwa 'pragmatism'. Msimamizi wangu ananitaka niiite 'uhalisia', na magazetini kiongozi asiyeng'ang'ania itikadi huitwa 'mwenye mtazamo wa kiuhalisia'. Kiuhalisia, hali halisi ni kwamba sijui nishike lipi."

Marahaba, mwanangu. Jibu ni hapana, na ninasikitika kupingana na msimamizi wako. Neno "uhalisia" lina mwenyewe tayari. Wahakiki wa fasihi huliita kwalo jaribio la kusawiri maisha kama yalivyo, na wanafalsafa huliita kwalo fundisho kwamba vitu vipo hata pale ambapo hakuna anayeviwazia. Peirce mwenyewe alilishikilia fundisho hilo kwa nguvu, akaamini kwamba hata sifa za jumla, kama ugumu, zina kuwepo kwake na si majina matupu tuliyoyabuni, ilhali James, rafiki yake wa tangu ujana, aliegemea zaidi upande wa wanaosema kwamba sifa hizo ni majina tu. Ukifuata ushauri uliopewa, itakubidi uandike kwamba Peirce alikuwa mhalisia na James hakuwa, ingawa wote wawili walikuwa wahalisia. Sentensi ya namna hiyo haitetewi mbele ya watahini.

Katika sheria mambo huharibika zaidi. Oliver Wendell Holmes, mwanasheria aliyejadiliana na Peirce na James katika kikundi chao cha Cambridge, Massachusetts, mwanzoni mwa miaka ya 1870, aliandika mwaka 1881 kwamba uhai wa sheria haukuwa mantiki bali uzoefu. Katika miaka ya 1920 na 1930 walitokea wanasheria wa Marekani walioathiriwa naye, ambao ndio hasa huitwa wahalisia wa sheria, kwa sababu walichunguza yale ambayo mahakimu huyatenda badala ya yale ambayo vitabu husema wanayatenda. Makundi hayo mawili, la wanafalsafa wa Peirce na la wanasheria hawa, yana uhusiano, lakini si kundi moja, na msomaji anayepewa neno moja kwa yote mawili hana njia ya kujua ni lipi linalozungumzwa.

Asili ya neno geni lenyewe, "pragmatism", haina fumbo: "pragma" kwa Kigiriki ni tendo au jambo linaloshughulikiwa, na "halisi" yetu imetoka katika Kiarabu, ikiwa na maana ya kitu safi kisichochanganywa na kingine. Tendo na usafi havina ujamaa wowote. Natamani ningeweza kuishia hapo, lakini barua yako ina neno jingine ambalo hukuliuliza, na ambalo limekuwa likinikera kwa miaka mingi.

Ulianza sentensi yako ya mwisho kwa "kiuhalisia". Nina hakika hukukusudia, na hilo ndilo linaloniudhi, kwamba neno hili siku hizi hutoka lenyewe, kama kikohozi, kabla mtu hajajua anachotaka kusema. Tulipime basi kwa kipimo cha Peirce. Katika makala yake ya mwaka 1878 kuhusu namna ya kuyafanya mawazo yetu yawe wazi, alifundisha kwamba maana ya wazo hupatikana kwa kujiuliza ni athari zipi za kivitendo tunazozitarajia kutoka katika kitu kinachowaziwa. Mfano wake ulikuwa ugumu. Tunaposema kitu ni kigumu, tunasema kwamba vitu vingine vingi havitaweza kukikwaruza, na hakuna zaidi ya hapo.

Chukua basi sentensi "Almasi ni ngumu", uiweke kando ya "Kiuhalisia, almasi ni ngumu". Je, ile almasi ya pili inastahimili mkwaruzo ambao ya kwanza haiustahimili? Je, sonara ataishika kwa namna nyingine? Je, yupo anayedai kwamba almasi ni ngumu kindoto, hata tulazimike kumpinga? Nimeigeuza jozi hiyo kila upande, nimeisoma kwa sauti, nimewapa wanafunzi wangu waitafutie tofauti, na tofauti haijapatikana. Neno lisilobadilisha lolote katika yale tunayoyatarajia ni neno lisilo na maana mahali lilipo, hata likiwa na silabi sita. Wewe ukaliongezea "hali halisi", ukawa umeapa mara mbili kwamba unasema kweli, jambo ambalo huwafanya wasikilizaji waanze kutilia shaka.

Sisemi kwamba neno lichomwe moto. "Riwaya ya kiuhalisia" ni maneno mazuri, kwa kuwa hapo "ki-" inafanya kazi yake ya kueleza namna, na "hali halisi ya wagonjwa" ni sahihi pale ambapo taarifa rasmi zinasema vingine. Mtu anayetaka kutofautisha kinachodaiwa na kinachotendeka ana "kwa kweli", ana "kwa hakika", ana "kwa vitendo", na kila moja lina ladha yake. Ninachokataa ni kuyaua yote hayo ili tubaki na moja lisilo na kazi.

Wala usidhani kwamba ugomvi huu wa maneno uko mbali na mada yako. James alisimulia kisa cha kindi aliyeng'ang'ania upande mmoja wa shina la mti, na mtu aliyekuwa upande wa pili akikimbia kuuzunguka mti ili amwone, huku kindi naye akihama kwa kasi ileile, tumbo lake likielekea kwa mtu daima. Je, mtu huyo anamzunguka kindi? James alijibu kwamba inategemea maana ya kivitendo ya kuzunguka. Ikiwa ni kupita kaskazini mwake, kisha mashariki, kusini na magharibi, anamzunguka. Ikiwa ni kuwa mbele yake, kisha ubavuni, mgongoni na ubavu wa pili, hamzunguki. Wanaopenda falsafa hii na hawapendi kuchunguza maneno hawajaifahamu bado.

Tuiite nini, basi? "Utendaji" hapana, maana umeshikwa na ofisi na wakurugenzi wake. "Falsafa ya manufaa" pia hapana, kwa sababu msomaji ataielewa kuwa ni ya Jeremy Bentham na John Stuart Mill, waliopima wema wa matendo kwa furaha yanayoleta. Ninayoipendelea ni "upragmatisti", kwa njia ileile iliyotupa ukomunisti na ufashisti: mtu ni mpragmatisti, na mkabala wake ni wa kipragmatisti. Wanaosema "pragmatizimu" nawavumilia, kwa kuwa wameenea na wanaeleweka. "Upragmatizimu" siuvumilii, kwani "u-" na "-izimu" hufanya kazi moja. "Pragmatiki" waachie wanaisimu, ambao wana tawi lao linalochunguza maana katika muktadha, na ambao walilipokea jina hilo kutoka kwa Charles Morris, aliyeathiriwa na Peirce, mwaka 1938. Peirce naye alijua uchungu huu: mwaka 1905, alipoona jina la falsafa yake limechezewa mno, alilibadilisha kwa jingine ambalo, kwa kauli yake, lilikuwa baya kiasi cha kusalimika na watekaji nyara.

Kuhusu yule kiongozi wa magazetini, usimwite mpragmatisti kwa sababu tu hana itikadi. Dewey, aliyefungua shule ya majaribio katika Chuo Kikuu cha Chicago mwaka 1896 ili watoto wajifunze kwa kutenda, aliitetea demokrasia hadi uzeeni bila kuyumba. Anayebadili msimamo baada ya kupima matokeo unaweza kumwita mtu anayejali linalotekelezeka. Anayebadili kwa kuwa upepo umegeuka ana jina lake la siku nyingi, kigeugeu.

Na sentensi yako, mwanangu, iandike hivi: "Sijui nishike lipi."